Sifa za Helmeti Isiyokinga Kichwa

Yapata miaka 1600 iliyopita, Synesius wa Cyrene, msomi aliyekuja kuwa askofu, aliandika kitabu kizima cha kuusifu upara. Kabla yake mnenaji Dio Chrysostom alikwisha kuzisifu nywele, na Synesius, ambaye zake zilikuwa zimemkimbia, akaona hawezi kunyamaza. Alikilinganisha kichwa kitupu na magimba ya mbinguni, akakiweka juu ya vichwa vyote. Sasa ikiwa upara umepata wakili, sioni kwa nini kinachoufunika kikose. Nakusudia kuisifu helmeti ya resini: ile ya kujivika sura ya wapiganaji wa filamu na michezo ya kompyuta, inayotengenezwa nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula, na mtu mzima mwenye kazi yake na akili zake.

Helmeti nyingine zote zina kazi za kitumwa. Ya mjenzi hungoja tofali. Ya zimamoto hungoja dari liporomoke. Ya bodaboda, hata siku inaposhinda imening'inia mkononi mwa dereva, humkinga angalau kiwiko. Helmeti ya resini haijajishusha kiasi hicho. Ikianguka kutoka mezani, hupasuka. Ikigonga fremu ya mlango, hupasuka. Kwa hiyo aliyeivaa hutembea ameinama, mikono mbele, akitanguliza mabega na magoti yapokee pigo kwa niaba yake. Tafuta popote utakapo, hutaipata helmeti nyingine inayokingwa na kichwa.

Nasaba yake ni ya hali ya juu. Mwaka 1976 huko Uingereza, mchongaji Brian Muir, akifuata michoro ya Ralph McQuarrie, alifinyanga kwa udongo kofia na uso wa Darth Vader kwa ajili ya filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka uliofuata. Kutokana na udongo ule zikatolewa kofia za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini. Kitu kilekile wanachozibia boti matundu na kujengea bampa za magari. Askari weupe wa filamu hiyo walivaa binamu zake wa plastiki, iliyolainishwa kwa joto kisha ikafyonzwa ikalalia juu ya kalibu. Mmoja wa askari hao, akiingia chumbani kwa haraka ya kijeshi, aligonga paji la uso mlangoni, na kamera ikamwona. Hawakumkata. Badala yake, filamu ilipotolewa kwenye DVD mwaka 2004, wahariri walimwongezea mlio wa kugonga ili asiyeona asikie. Humo humo Luke Skywalker, akiwa amejificha ndani ya kofia ya kuiba, analalamika kwamba haoni kitu. Helmeti za nyumbani zimeurithi upofu huo wote, hazikuacha hata chembe.

Kisha ikaja heshima ya mahakama, na hapa naomba nisiharakishwe. Andrew Ainsworth wa Twickenham, ambaye ndiye aliyezitoa zile kofia za askari weupe, baada ya miaka mingi alianza kutengeneza nakala na kuziuza. Kampuni ya Lucasfilm, yenye filamu hiyo, ikamshtaki. Mahakama ya California ikaamua mwaka 2006 kwamba alipe dola milioni 20. Hakulipa, yuko Uingereza, dola milioni 20 ziko wapi? Kampuni ikamfuata London. Kesi ikapanda Mahakama Kuu, ikapanda ya Rufaa, ikatua mbele ya majaji wa Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza, ambao hadi kutoa hukumu tarehe 27 Julai 2011 walikalia swali hili: je, helmeti ni sanamu? Ingekuwa sanamu, ingelindwa kama kazi ya sanaa kwa miaka mingi. Isingekuwa sanamu, Ainsworth angeendelea kuuza kwao bila kusumbuliwa.

Majaji wakasema si sanamu. Filamu ndiyo kazi ya sanaa. Helmeti ni kitu cha matumizi, kimojawapo cha vifaa vilivyosaidia filamu kutengenezwa. Ainsworth akashinda upande huo, ingawa aliambiwa pia kwamba madai ya hakimiliki za Kimarekani yanaweza kusikilizwa Uingereza, na huko hakuwa na pa kutokea. Mimi haya ya ushindi na ushinde nawaachia wanasheria. Kinachonifurahisha ni kwamba kitu hiki, ambacho hakizuii jiwe wala mvua, kimethibitishwa na mahakama ya juu ya taifa kubwa kuwa ni kitu cha matumizi. Mke au mume anayesimama mlangoni usiku wa manane akiuliza, "Na hili dude ni la nini?" asomewe hukumu hiyo.

Kuzaliwa kwake nyumbani huanza kwa unyenyekevu, kwenye karatasi. Kuna programu ya Kijapani iitwayo Pepakura inayolichukua umbo la kompyuta na kulikunjua likawa vipande bapa, kila kipande na namba za kingo zake. Unachapa kwenye karatasi ngumu, unakata, unakunja, unagandisha namba kwa namba, mpaka kitokee kichwa cha pembepembe chepesi kuliko daftari. Hapo ndipo watu wa nyumbani wanakusifu. Ipokee sifa hiyo kwa mikono miwili, maana ni ya mwisho kwa muda mrefu.

Kwa sababu sasa inaingia resini ya polyester, na resini haina adabu za karatasi. Unaichanganya na hadena, asilimia 1 hadi 2 tu, matone ya kuhesabu. Ukipunguza, haikauki leo wala kesho. Ukizidisha, inaganda kwenye kopo brashi ikiwa ndani, inachemka yenyewe, inafuka moshi na kupasuka. Ni kitu cha ajabu kwamba mchanganyiko huohuo, uliopakwa mwembamba juu ya karatasi, hubaki mpole. Ukijaa koponi huwa na hasira, kwa sababu joto la kuganda kwake halina pa kutokea. Nayo karatasi, ikishalowa, hujipinda: taya la kushoto linashuka, la kulia linapanda, na shujaa wako wa chuma anapata sura ya mtu aliyeumwa jino. Wasiojua huita hiyo kasoro. Mimi naiita sura, maana zile za kiwandani hazina.

Halafu harufu. Stairini inayopaa kutoka kwenye resini hiyo haibishi hodi. Inakaa kwenye mapazia, inaingia kwenye unga, inampanda jirani wa ghorofa ya juu. Lakini iangalie kwa haki. Mgeni aliyepanga kukaa wiki mbili anakumbuka safari yake. Dalali wa kodi anazungumzia nje. Yule ndugu anayekuja kukopa anasimama uwanjani, machozi yakimtoka, na wewe unamwonea huruma ukiwa nyuma ya barakoa yenye vichujio vya kaboni, kwa sababu barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huu hata kidogo. Madirisha wazi, glavu mikononi, miwani machoni. Hadena ikimrukia mtu jichoni huweza kumpofusha, na hapo mzaha wangu unasimama kidogo. Hebu uendelee. Nauliza, ni vazi gani jingine linalomtaka mtengenezaji avae mavazi ya kujikinga nalo?

Tena ina subira za kukufundisha. Resini ya kutandikia faiba hubaki inanata juu hata baada ya kuganda ndani, kwa kuwa hewa huizuia isikauke usoni. Ndiyo maana ya tabaka la mwisho hutiwa nta, ambayo huelea juu na kuifungia hewa nje. Asiyejua hilo huiweka helmeti dirishani akaingoja ikauke. Inamngojea naye. Nzi wanatua, vumbi linatua, kanzu ya Ijumaa inapita karibu.

Wako wanaoikwepa karatasi na kumimina polyurethani kwenye kalibu ya silikoni, vimiminika viwili nusu kwa nusu. Aina za haraka humpa mtu dakika 3 hivi za kuchanganya, kumimina na kuizungusha kalibu pande zote ili ukuta uwe sawa, ngoma ambayo ukiitazama dirishani utadhani mtu anambembeleza mtoto asiyetaka kulala. Polyurethani haielewani na unyevu. Ikikutana na maji hata ya hewani, hutoa gesi ya kaboni dioksidi na kujaa vipovu. Anayeijaribu Tanga au Mombasa wakati wa masika atapata helmeti nyepesi sana, na matundu ya kutosha kupitisha upepo ambao mchoro wa asili ulisahau kuuweka.

Sasa msasa. Hapa ndipo msifiaji anapopata kazi, kwa kuwa utengenezaji wa helmeti ya resini kwa kweli ni kupiga msasa, na mengine yote ni mapumziko. Unaanza na namba 80, unapaka puti ya bodi ya gari, unapiga 120, unapaka tena palipobonyea, unakwenda 220, kisha 400 kwa maji. Katikati unapuliza praima ya kijivu. Praima ndiyo shahidi mkweli kuliko wote: ukuta uliouapia kwamba ni laini, ikishaupaka unaonyesha kila mkwaruzo, kila tundu, kila kidole ulichoegemeza Jumanne. Unarudi kwenye 120. Vumbi lake jeupe linaingia kwenye nyusi, kwenye redio, kwenye sukari. Nyuzi za faiba nazo zinaingia kwenye ngozi ya mikono na kuwasha mpaka usiku, na kila ukijikuna zinazama. Wakubwa wa zamani walienda milimani kutafuta utulivu. Mwenye helmeti anaupata kwa kulisugua shavu moja la plastiki mpaka asahau deni, siasa na timu yake. Sijasikia mtu aliyegombana na wakwe huku anapiga msasa wa maji. Mikono imeshikwa, mdomo umefungwa na barakoa.

Rangi ni siku moja, na watu wote huisifia rangi. Tuipite.

Fadhila zake hung'aa zaidi inapovaliwa. Kioo cha macho kinapata ukungu kwa pumzi yako ndani ya dakika chache. Masikio yanasikia bahari. Pua inaanza kuwasha saa ileile mikono inapoingia kwenye glavu za chuma cha bandia. Huwezi kunywa, huwezi kula, huwezi kujibu simu. Kuna kundi la mashabiki liitwalo 501st Legion, lililoanzishwa Marekani mwaka 1997, ambalo wanachama wake huvaa sare za maadui wa Star Wars na kutembelea watoto hospitalini au kuchangisha fedha za hisani. Askari hawa wa dola la kutisha hutembea na wasaidizi wa kuwashika mkono kwenye ngazi na kuwaambia kuna mtoto mbele ya goti. Hata jijini Nairobi, kwenye maonyesho ya katuni ya NAICCON, pembeni ya kila shujaa mwenye kichwa kikubwa mtafute rafiki aliyebeba chupa ya maji na gundi. Huyo rafiki ndiye anayeona. Jeuri yote ya yule wa ndani imo mikononi mwake, na sijui falme ngapi za kweli zimewahi kuendeshwa kwa ukweli wa namna hiyo.

Basi itapasuka, maana ndiyo tabia yake, na hapo huanza sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ufa wa resini hausimami peke yake. Kila mtikisiko huusogeza. Dawa yake ya kwanza inashangaza: unatoboa. Unachukua drili ndogo na kutoboa tundu hasa pale ufa unapoishia, ili nguvu iliyokuwa inaukimbiza ikose ncha ya kuisukuma. Nyumba nzima inatazama mtu akitibu mpasuko kwa kuongeza tundu. Kisha unakwaruza upande wa ndani kwa msasa mkavu, kwa kuwa resini mpya haishiki juu ya uso laini, unafuta vumbi kwa asetoni, unatandika kipande cha faiba kilicholoweshwa, na nje unapanua ufa kidogo uwe na mfereji wa kupokea puti. Fundi bodi yeyote wa gereji ataifanya kazi hii huku anazungumza na mteja mwingine, na atakuuliza bampa hili ni la gari gani.

Ikishapona, pale paliporekebishwa panakuwa pagumu na pazito kuliko kwingine kote. Helmeti sasa inaegemea kushoto. Pigo la pili litafuata upande dhaifu, nao utapata kiraka chake, na baada ya misimu michache itakuwa viraka vitupu vilivyoungana, imekaribia kabisa kuweza kukinga kichwa. Wakati huo shingo haiwezi tena kuibeba.

Kama ni ya polyurethani, ipo na adhabu nyingine ya kifahari zaidi. Iache kwenye gari lililofungwa, juani, saa saba mchana. Haitapasuka, italegea. Mashavu yatashuka, ukingo wa shingo utakuwa yai, na mbabe wa galaksi atarudi nyumbani na uso wa babu aliyevuliwa meno. Ichovye kwenye maji ya moto, ikunjue kwa mikono yenye glavu, ishikilie kwenye umbo lake mpaka ipoe. Umbo litarudi. Rangi itakuwa imepasuka pale shavuni, na msasa wa 400 bado upo kwenye beseni, na kesho ni Jumapili.