Ubao Unasoma

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kila uwanja wa mpira nchini una ubao. Ningeaminije vingine? Mtangazaji wa redio alikuwa akivuta pumzi katikati ya patashika, kisha anatamka kwa utulivu wa mtu anayesoma gazeti: "Na ubao unasoma, moja bila!" Nami nikauona ubao huo pale pale sebuleni kwetu, mpana kama ukuta wa benki, unawaka.

Siku baba mdogo aliponipeleka uwanjani kwa mara ya kwanza, hapa hapa mkoani kwetu (jina la uwanja nitalimeza, maana bado nahitaji kuingia), swali langu la kwanza lilikuwa ubao uko wapi. Akanionyesha kijana aliyekaa juu ya ngazi, kando yake bati lenye misumari miwili. Kazi yake ilikuwa kutundika tarakimu. Tatizo, tarakimu zenyewe zilikuwa mojamoja: sifuri ilikuwa moja tu, mbili ilikuwa moja tu. Kwa hiyo wenyeji walianza mechi wakiwa na sifuri, wageni wakiwa na msumari mtupu. Sare ndiyo haikuandikika kabisa. Timu zikifungana moja moja, kijana alikuwa akishuka ngazi, ananunua karanga, anangoja mojawapo ijirekebishe.

Msimu huu tumeletewa ubao wa kweli. Ni luninga ya taa ndogondogo zisizohesabika, ukiisogelea unaona vidoti, ukienda mbali unaona uso wa mtu. Imefungwa nyuma ya goli la kaskazini, juu kabisa, na mimi hukaa mzunguko wa kaskazini tangu enzi za bati. Maana yake, katika uwanja mzima, watu pekee wasiouona ubao ni sisi tulioketi chini yake. Mechi ya kwanza tuliusoma kwenye nyuso za jukwaa la pili. Wakicheka, tunajua kuna kitu. Wakitunyooshea vidole, tunageuka wote kwa pamoja na kujitegua shingo, tunakuta ni tangazo la godoro.

Lakini kilichoniuma hasa ni saa ya ubao huo. Zamani dakika zilikuwa mali ya mashabiki. Ukiuliza "Dakika ya ngapi?", anayeongoza atakujibu ya themanini na nane, anayefungwa atakwambia ya sabini, na wote wawili wamevaa saa. Ubishi huo ndio uliotufanya tujuane. Nimepata fundi bomba, dalali wa nyumba na mlezi wa ubatizo wa mwanangu kwa kubishania dakika. Sasa swali hilo ukiliuliza unaonekana hukwenda shule. Bahati nzuri saa ile ikifika 90:00 inasimama. Sheria za mpira zinamtambua mwamuzi peke yake kuwa mtunza muda, na zile dakika za nyongeza hunyanyuliwa pembeni na mwamuzi wa akiba, kwenye kibao kidogo cha kushika mkononi. Basi hapo luninga kubwa inageuka bubu, na sisi tunaurudia ubishi wetu kama watu waliorejeshewa shamba la urithi.

Halafu ubao wa umeme hauna huruma. Mimi ni Simba, na nalisema hili bila kuinamisha kichwa sana. Tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwa Kwa Mkapa. Hadi mapumziko ubao ulikuwa unasoma 1-1, nikala mishikaki yangu kwa amani. Kipindi cha pili Yanga wakafunga manne. Yule kijana wa bati ungeweza kumzomea akashuka ngazi. Huu utauzomea nani? Uliendelea kuwaka 1-5, na kila nilipogeuka kuhakikisha kama wameshauzima, nikaukuta unanisubiri.

Baba mdogo, ambaye ni Yanga, naye ana lake. Tarehe 20 Oktoba 2013 watani hao hao walikutana jijini, na kufika mapumziko Yanga walikuwa mbele tatu bila. Akaona mechi imekwisha, akatoka kuwahi daladala, akaimba njia nzima. Konda ndiye aliyemwambia kwamba Simba wamerudisha zote tatu. Mpaka leo anashikilia kuwa nauli alikwisha kulipa kabla ya marudisho, kwa hiyo kwa upande wake mechi iliisha tatu bila.

Mechi ya pili ya msimu nikahamia kusini, niuone ubao uso kwa uso kama watu wengine. Dakika ya thelathini na kitu mpira umetoka, mpiga kamera akaanza kuzungusha jicho lake majukwaani. Ghafla nikajiona. Urefu wangu ulikuwa kama wa mnazi, mdomoni nina gunzi la hindi la kuchoma. Nikapunga mkono. Yule mtu wa kwenye luninga naye akapunga, ila alikuwa anampungia mtu mwingine. Nikamtazama vizuri, yeye anatazama pembeni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mimi naangalia luninga, kamera iko upande mwingine kabisa, na kwa hiyo kamwe hatutakutana macho. Tena alikuwa na uvivu kidogo: nikishusha mkono, wake ulikuwa bado unaelea hewani.

Nikiwa katika mazungumzo hayo uwanja ukalipuka. Goli. Limefungwa mbele yangu, hatua arobaini, kwa kichwa, wanasema. Nikangoja marudio. Likaja godoro.

Angalau nilikuwa nimejipiga picha pale kwenye luninga kwa simu. Nikaifungua: imejaa mistari myeusi. Taa zile huwaka na kuzima upesi kuliko jicho linavyoweza kukamata, lakini kamera ya simu huzinasa katikati ya kazi. Mstari mmoja ulikuwa umepita sawasawa juu ya macho yangu, kama wanavyofanya magazeti kwa watuhumiwa.

Na mtuhumiwa nilikuwa kweli. Jumapili hiyo, saa kumi hiyo hiyo, palikuwa na kikao cha harusi ya shemeji yangu, mdogo wake Mama Zawadi, na mimi ndiye katibu. Nilikuwa nimetuma udhuru wa homa. Ndipo nikaitazama tena ile picha. Nyuma yangu, kati ya mstari na mstari, nikamwona mweka hazina, ambaye alisema amefiwa. Nikageuka taratibu. Mweka hazina akanisalimia kwa nyusi. Safu mbili juu yake alikuwa mwenyekiti, mzee wa heshima zake, vuvuzela mdomoni.

Hatukulaumiana. Wakati wa mapumziko tulikaa pamoja tukanunua kahawa, mwenyekiti akasema kwa mujibu wa taratibu akidi imetimia hapa, huko nyumbani hakiwezi kupitishwa kitu. Tukaafikiana. Mechi ikaisha, nikarudi nyumbani nikitembea kama mgonjwa, nakohoa kuanzia kona ya duka.

Mama Zawadi alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza kikao kimekwendaje.

"Kizuri," akasema. "Watoto walikuwa wamewasha televisheni, wanaangalia mpira."

Kwamba kamera inayolisha luninga ya uwanjani ndiyo hiyo hiyo inayolisha televisheni za majumbani ni jambo la kiufundi ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Pole na homa, Baba Zawadi. Katibu hayupo, mweka hazina hayupo, mwenyekiti anapuliza vuvuzela. Basi akina mama tumewapangia ahadi zenu bila ninyi." Akapepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. "Yako, ubao unasoma laki tano."