Ngeli za Waya wa Chaji: Mtazamo wa Upatanisho

Wanaisimu wa lugha za Kibantu wamegombana juu ya ngeli kwa zaidi ya karne moja na nusu. Wilhelm Bleek alizipa namba katika kitabu chake cha mwaka 1862, Carl Meinhof akaiendeleza hesabu hiyo, na sisi tuliosoma Kiswahili sekondari tukaja kulipa deni lao kwenye chumba cha mtihani. Kiini cha ugomvi ni hiki: nomino ipangwe kwa sura yake, yaani kwa kiambishi kinachoitangulia, au ipangwe kwa tabia yake, yaani kwa namna inavyopatana na maneno mengine katika sentensi? Kwa sura, kiboko na kitabu ni ndugu wa tumbo moja. Kwa tabia, kitabu kinakuja lakini kiboko anakuja, na atakayewachanganya kando ya mto Rufiji hatapata nafasi ya kusahihisha.

Mjadala huu mzito haujapata kuelekezwa kwenye waya wa chaji ya simu. Tunakusudia kuliziba pengo hilo. Data yetu ni kopo moja la biskuti lenye nyaya kumi na tisa, zilizokusanywa nyumbani kwa mtafiti katika muda wa miaka tisa, bila yeye mwenyewe kujua kwamba anafanya utafiti. Kumi na saba zimekufa. Mbili zinadai kuwa zi hai.

Tuanze na wanasura, kwa kuwa ndio wengi na ndio waliokosea. Mwanasura huutambua waya kwa ncha yake. Kwake historia inaanzia kwenye pini nene ya Nokia, inapita kwenye pini ndogo, kisha inafika kwa kobe, yule aliyechomekwa ukutani akaing'ata betri moja kwa moja huku taa zake zikimetameta kama duka la keki. (Kobe hakuwa na waya. Alikuwa na mdomo tu. Tunamtaja kwa heshima.) Baada ya hapo ikaja USB ndogo, ile maikro, mwaka 2007, ikafuata Lightning ya iPhone mwaka 2012, na mwaka 2014 ikatangazwa taipu C, yenye pini ishirini na nne na ukarimu wa kuingia hata ukiigeuza. Umoja wa Ulaya umeamuru simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu hilo kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na Apple walikwishasalimu amri mwaka mmoja kabla, kwenye iPhone 15. Mwanasura akasherehekea: ncha moja kwa ulimwengu wote! Akaenda dukani, akauliza, "Mna taipu C?", akapewa taipu C, akaondoka. Wiki tatu baadaye waya umeingia kwenye kopo la biskuti.

Kosa lake ni kudhani kwamba waya hufia kwenye ncha. Ncha ya maikro, na ya taipu C vilevile, imewekewa kiwango cha kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Anayechaji mara mbili kwa siku atahitaji zaidi ya miaka kumi na tatu kuimaliza idadi hiyo, na hakuna mtu Dar es Salaam aliyewahi kukaa na waya mmoja kwa miaka kumi na tatu. Angekuwa ameshaibiwa na binamu yake. Isitoshe, waliobuni ncha hizi walikusudia kwamba springi, yaani kile kinachochakaa, kikae upande wa waya na si upande wa simu, ili atangulie kufa yule wa bei nafuu. Waya umeumbwa kuwa kafara. Swali la kitaaluma ni wapi panapochinjwa, na kopo letu linajibu waziwazi: shingoni. Kati ya maiti kumi na saba, kumi na nne zimevunjika pale mpira unapokutana na ncha.

Kwa hiyo tunauacha mtazamo wa sura na kuukumbatia upatanisho.

Ndani ya waya wa kawaida wa USB mna nyuzi nne. Nyekundu na nyeusi hubeba umeme. Kijani na nyeupe hubeba mazungumzo. Viwanda vingine vinavyobana matumizi huziacha hizo mbili za mwisho, na hapo ndipo unapopata waya bubu: unachaji vizuri, lakini ukiuunganisha na kompyuta ili uhamishe picha za harusi, kompyuta inakutazama tu. Waya bubu si mwongo, hata hivyo. Mwongo ni ule ulioandikwa "chaji ya haraka" huku shaba yake ikiwa nyembamba kama unywele wa mtoto.

Hapa tunaomba subira ya msomaji kwa hesabu kidogo. Unene wa nyuzi hupimwa kwa geji, na namba inapokuwa kubwa uzi unakuwa mwembamba, kanuni iliyotungwa na mtu asiyewapenda wanafunzi. Uzi wa geji 28 una ukinzani wa karibu omu 0.21 kwa mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja ni mita mbili za safari: omu 0.42 hivi. Pitisha ampea 2, na volti zipatazo 0.85 zimeliwa njiani. Chaja imetoa volti 5, simu imepokea kama 4.15, wakati betri yake inataka kufikishwa volti 4.2 na zaidi ndipo ijae. Simu ikiona hivyo inapunguza kinywaji. Sasa chukua ule waya wa mita tatu unaonunuliwa ili mtu achaji akiwa kitandani: kwa geji hiyohiyo, nusu nzima ya zile volti 5 ingeishia sakafuni kabla ya kufika kwenye mto. Tumia geji 24, na waya wa mita moja utakula volti 0.34 tu. Tofauti ya simu inayojaa kwa saa moja na nusu na ile inayojaa alfajiri mara nyingi ni hiyo, wala si "betri imechoka" kama fundi anavyopenda kusema.

Nyaya chache zenye heshima huandikwa geji zake kwenye ngozi. Nyingine inabidi uzipime kwa mkono: shaba ni nzito. Unene wa nje usikudanganye, maana mpira ni rahisi na shaba ni ghali. Wapo wanaotembea na sumaku, wakaigusisha katikati ya waya (siyo kwenye ncha, kwa kuwa ncha ina chuma kihalali). Sumaku ikivutika, ndani mna chuma pasipotakiwa. Mtihani huu tunaukubali kwa masharti, kwa sababu alumini iliyopakwa shaba inaufaulu kwa urahisi kabisa, ilhali inapitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba.

Upatanisho una daraja la juu zaidi. Simu na kichwa cha chaja cha kisasa huanza kwa volti 5, kisha huulizana kupitia uzi mwembamba wa pembeni: una volti 9? Unaweza ampea 3? Wakikubaliana, umeme unapandishwa. Wasipokubaliana, kwa mfano kichwa ni cha kampuni yenye lahaja yake na simu ni ya kampuni nyingine, wanarudi kwenye volti 5 kama watu wawili wasioelewana wanaoishia kusalimiana tu. Na waya ukitaka kupitisha zaidi ya ampea 3 lazima uwe na chipu ndogo ya kujitambulisha. Hakuna chipu, hakuna ruhusa, hata kama kasha limepiga kelele wati 100.

Waya ukitoa taarifa za uongo katika mazungumzo hayo, matokeo ni makubwa kuliko kosa la sarufi. Waya wa kutoka USB ya zamani kwenda taipu C unatakiwa kuwa na kizuizi cha omu 56,000, kinachoiambia simu: kunywa kwa adabu, tuliyemtembelea si tajiri. Nyaya nyingi za mwanzo ziliwekewa kizuizi kisichofaa, zikawa zinaiambia simu inywe ampea 3 kutoka kwenye tundu lisilo na uwezo huo. Mhandisi wa Google, Benson Leung, mwaka 2015 alianza kununua nyaya hizi moja moja mtandaoni na kuzipima hadharani. Februari 2016 alikutana na mmoja uliofungwa nyuzi kinyume, ukamuulia kompyuta yake ya mkononi. Mwezi uliofuata Amazon wakapiga marufuku kuuza nyaya za taipu C zisizofuata kanuni. Katika fani yetu huyu ndiye shahidi mkuu, na kompyuta ile ndiyo shahidi aliyefariki.

Tumefika kwenye ngeli iliyo kiini cha utafiti huu: PA-KU-MU.

Kila mwanafunzi anakumbuka kwamba ngeli hii ni ya mahali. KU ni mahali pasipo dhahiri, PA ni mahali dhahiri, MU ni ndani. Waya wa chaji, unapoanza kuumwa shingo, unaingia ngeli hii na kuipitia kwa mpangilio huohuo. Kwanza KU: "Ukiilaza huku upande wa dirishani kunashika." Familia bado ina matumaini. Baada ya siku chache inakuwa PA: "Hapa! Hapahapa! Usiguse!" Huu ndio uitwao waya wa kutega. Simu inawekwa juu ya kitabu, waya unapindwa, kikombe kinawekwa juu ya waya, na chumba kizima kinatembea kwa ncha za vidole. Kijana akipita na upepo wa shati lake ukavuma, sauti ya mama inatoka jikoni: "Nani ameigusa simu yangu?" Hakuna aliyeigusa. Ndani ya mpira, nyuzi za shaba zimekatika moja baada ya nyingine na zimebaki tatu au nne zinazobeba mzigo wa thelathini, na hapo shingo inapata joto. Daraja la mwisho ni MU: humo ndani mnanuka plastiki. Mgonjwa akifika MU hafungwi seloteipu. Anachomolewa, anakatwa ncha ili mtu mwingine asimwokote akamfufua, na anazikwa.

Ni lazima tuonye juu ya utambuzi wenye makosa. Nyaya mbili katika kopo letu zilihukumiwa kwa PA-KU-MU kumbe zilikuwa nzima. Tundu la simu ndilo lililokuwa limejaa nyuzinyuzi za mfuko wa suruali, zikashindiliwa ndani kila siku hadi ncha ikawa haifiki mwisho. Zima simu, chukua kijiti cha meno, kwangua taratibu. Utatoa kitu kama sufi ya mto. Ndizo zile mbili zinazodai zi hai, na tunaziomba radhi.

Kinachoirefushia shingo maisha si ule ufumwaji wa nailoni unaouzwa kwa mbwembwe. Nailoni inalinda ngozi dhidi ya panya na mguu wa kiti. Mfupa unavunjika vilevile. Tazama mpira wa shingoni: uwe mrefu, laini, unaopinda polepole kama shingo ya twiga, usiwe kola ngumu ya bati inayoishia ghafla, maana pale kola inapoishia ndipo kisu kilipo. Na usiuviringishe waya kwenye kichwa cha chaja kama unafunga mzigo wa kuni.

Kichwa chenyewe ni ngeli ya KI-VI, na hapa mzaha unapungua. Upande mmoja wa kichwa mna volti 230 za TANESCO, upande wa pili mna volti 5 zinazoshikwa na mtoto. Katikati mna transfoma ndogo na nafasi tupu, na nafasi hiyo tupu ndiyo unayoilipia. Ken Shirriff, Mmarekani aliyejulikana kwa kufungua chaja na kuandika alichokiona ndani, alikuta katika chaja feki umbali usiofika hata milimita moja kati ya pande hizo mbili. Kichwa feki mara nyingi ni chepesi kama ganda la korosho, kwa sababu vitu vilivyoachwa vilikuwa na uzito. Usisome kasha, soma maandishi madogo kwenye kichwa, zidisha volti kwa ampea, upate wati. Kama kasha limesema 65 na hesabu imekupa 10, una jibu. Nembo ya ubora nayo itazame, ukikumbuka kwamba aliyeweza kughushi chaja hakushindwa na stempu.

Halafu kuna soketi zetu za matundu matatu, za kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, ambazo matundu yake mawili ya chini yamefungwa vizibo hadi pini ya juu iingie kwanza. Vizibo viliwekwa kuwakinga watoto. Sisi tukaleta chaja ya pini mbili za mviringo, tukachokonoa tundu la juu kwa kifuniko cha kalamu, vizibo vikafunguka, tukachomeka. Sijui nyumba hata moja isiyo na kalamu yenye alama za kazi hiyo.

Kwa ajili ya uwandani tulikwenda Kariakoo. Muuzaji, kijana mwenye nyaya shingoni kama mganga mwenye hirizi, alikuwa na uainishaji wake mwenyewe.

"Zipo za buku mbili, za buku tano, na hii ya kumi na tano."

"Tofauti yake nini, mdogo wangu?"

"Hii ya buku mbili ni waya. Ya buku tano ni waya mzuri. Hii ya kumi na tano, mzee wangu, hiyo ndiyo OG."

"Ina garantii?"

"Garantii unajaribu hapahapa. Unaona? Inaingia."

Tunakiri kwamba ni nadharia iliyokamilika kuliko yetu. Tuliupima ule wa kumi na tano kwa kiganja: mzito, shingo ndefu, geji 24 imeandikwa. Tukaununua kwa kumi na mbili.

Ulikaa nasi siku nne. Siku ya tano ukaingia ngeli ya A-WA, ile ya viumbe wanaotembea kwa miguu yao: mpwa wangu alikuja kusalimia, akauazima "dakika moja tu, mjomba", na sasa yuko naye Morogoro. Ninaandika haya simu ikiwa na asilimia kumi na moja. Nimeutoa kwenye kopo mmoja wa wale wawili waliosamehewa. Shingo yake nayo sasa imeanza KU. Nimejaribu kuukandamiza kwa kikombe, kwa rimoti, kwa kopo lenyewe. Mpaka sasa kinachoshika vizuri zaidi ni kamusi, ikifunguliwa katikati, karibu na M.