Namna ya Kushinda Ubishi wa Bomu la Atomiki Majengo

Anayesimama njiapanda na wanasiasa wa "parlement debout", yaani bunge la kusimama barabarani, hapa Majengo, Goma, anajua mazungumzo yanavyopanda. Yanaanza na bei ya makaa, yanapita kwa wanajeshi, kisha Papa mmoja anapiga viganja: "Tungekuwa na bomu la atomiki, vita hii ingeisha asubuhi moja!" Watu wanaitikia. Wamechoka, na aliyechoshwa na vita hastahili kuchekwa. Anastahili jibu. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Chagua mahali pa kusimama. Usizibe njia ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Chukudu iliyojaa viazi ikiteremka haimsubiri mwenye hoja. Ukishapata nafasi, uliza kwa adabu: "Papa, bomu hilo tulipige wapi?" Mwache anyooshe kidole. Popote atakaponyoosha, pana soko, zahanati na watoto.

Hapo mpe mfano wa Hiroshima, Japani. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu moja lilibomoa karibu kila kitu ndani ya kilomita moja na nusu hivi. Hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Madaktari na wauguzi wengi wa mji waliuawa au kujeruhiwa, kwa hiyo waliopona moto walikosa wa kuwafunga vidonda. Miaka ikapita, saratani ya damu ikaendelea kuwachukua. Mwambie aanze kutembea kutoka hapo mlipo, kilomita moja na nusu kila upande, akihesabu nyumba za jamaa zake. Hatafika mwisho.

Hatua ya 2: Mpeleke Katanga. Wengi hudhani bomu ni jambo la Wazungu na Wajapani. Lakini sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani uliozaa bomu lile ilichimbwa huko Katanga, hapa hapa Kongo, mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu na Likasi, kwenye mgodi wa kampuni ya Union Minière. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani hadi New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Baada ya vita Sengier alipewa nishani. Wakongomani waliochimba kwa mikono hawakuambiwa wanachimba nini wala kitamuua nani.

Papa akisema, "Basi bomu ni haki yetu, jiwe lilikuwa letu," usikasirike. Mjibu kwamba aliyenyang'anywa jiwe likaenda kuua watoto wa wengine ana haki ya kudai malipo, na ana haki ya kusema lisiue tena. Haki ya kuua kwa zamu haimo.

Hatua ya 3: Ipokee hoja yake ngumu. Atasema, "Lakini lilimaliza vita, likaokoa maisha." Usiikwepe. Wanahistoria bado wanabishana, maana Muungano wa Kisovieti nao uliitangazia Japani vita tarehe 8 Agosti, siku moja kabla ya bomu la Nagasaki. Hata hivyo, chukulia kwamba Papa yuko sahihi. Hesabu yake inasema raia wa upande mmoja waweza kuchomwa makusudi ili wa upande mwingine wapone. Akiikubali, amempa ruhusa kila jenerali aihesabu Goma vivyo hivyo. Mei 2024 makombora yaliangukia kambi za wakimbizi za Lac Vert na Mugunga. Sote tulisema ni uhalifu. Uhalifu haugeuki haki kwa sababu kombora limekuwa kubwa zaidi.

Hatua ya 4: Mzuie asikimbilie mlimani. Kuna atakayesema volkano ya Nyiragongo imetuchoma 2002 na 2021, kwa hiyo moto ni moto. Mwelekeze: lava haina aliyeiamuru. Watu waliikimbia kuelekea Sake na Gisenyi. Bomu lina mtu aliyeketi, akatazama ramani yenye mji, akasema ndiyo. Mlima hatuwezi kuushitaki, huyo tunaweza.

Hatua ya 5: Maliza kwa sheria, bila kuipamba. Mwaka 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kutumia silaha za nyuklia kwa ujumla kunapingana na sheria za vita. Ikaacha mlango wazi kuhusu taifa lililo hatarini kutoweka kabisa. Mlango huo ndio wenye mabomu wanaoupenda, na ndio Papa anaoupigia hodi, maana kila anayepigana huona anatoweka. Mwaka 2017 ukapitishwa mkataba wa kuzipiga marufuku kabisa, na Kongo iliuridhia mwaka 2022. Mataifa tisa yenye silaha hizo hayamo. Kwa hiyo marufuku haijaondoa hata bomu moja, lakini nchi iliyotoa jiwe imesema hapana, na neno hilo lina uzito kuliko la asiyewahi kuhusika.

Utajua umeshinda Papa atakapotaja anachokitaka hasa: kulala bila kusikia risasi, kwenda shambani na kurudi. Mkubalie papo hapo. Kutamani vita viishe ni haki yake. Kutamani viishe kwa kuteketeza mtaa wa watu wasiopigana si haki ya yeyote, hata aliyeonewa kama sisi.