Bosi, Unataka Mwanga?

Ukienda maduka ya spea ya Kariakoo kutafuta balbu za taa za mbele, muuzaji hakuulizi gari lako ni aina gani. Anakuuliza, “Bosi, unataka mwanga, au unataka mwanga wenyewe?” Nani atajibu kwamba anataka mwanga tu?

Balbu ya H4 ya halojeni, wati 60 taa kali na 55 taa ya chini, inatoa mwanga wa manjano na bei yake ni ya kistaarabu, kwa hiyo haina hadhi. Hadhi iko kwenye LED nyeupe inayoelekea bluu, yenye feni mgongoni na boksi linaloahidi lumeni 20,000. H4 halali haifiki hata 2,000, lakini wewe ni nani ubishane na boksi?

Tatizo ni kikombe cha taa. Kimeundwa kwa ajili ya nyuzi mbili nyembamba za H4, kila mmoja mahali pake. Ukipachika kitu kingine, mwanga hutawanyika: kiasi kidogo barabarani, kingi machoni mwa bodaboda anayekuja, kilichobaki juu ya miembe. Kunguru wa Dar wanaonekana vizuri sana siku hizi.

Na pengine balbu ya zamani haikuwa na kosa. Ni plastiki ya taa iliyofubaa kwa jua, inayohitaji kusuguliwa tu. Ila hilo halina boksi.

Ndugu dereva, nunua H4 mbili kwa pamoja, usiguse vioo vyake kwa vidole, na utuachie macho yetu.