Jinsi ya Kuonyesha Filamu ya Kriketi Buhare na Kibanda Kikabaki Kimesimama

Unataka kuonyesha filamu ya kriketi kwenye kibanda umiza hapa Buhare, mkoani Mara? Hongera. Wenzako wanajaza mabenchi kwa Simba na Yanga, wewe unataka watu watoe mia tano yao watazame mchezo ambao mechi moja yaweza kwenda siku tano na mshindi asipatikane. Fuata hatua hizi, usije ukarudisha pesa za watu.

1. Ratiba. Soma ratiba ya Ligi Kuu ya Uingereza kabla hujashika chaki. Ukigongana na Arsenal, utayaonyesha mabenchi matupu. Halafu hakikisha Luku ina yuniti za kutosha. Umeme ukikatika kwenye mpira, watu hulaani. Ukikatika kwenye kriketi, watasema Mungu kasikia.

2. Bango. Neno "kriketi" lisionekane ubaoni. Kwa filamu ya *Warriors* ya Barney Douglas, ya mwaka 2015, andika: WAMASAI WAVAMIA LONDON, IMETAFSIRIWA. Hujadanganya mtu. Vijana wa Laikipia, Kenya, walikwenda London mwaka 2013 kwenye mashindano, wakiwa na lubega na shanga zao. Mchezo waliupata kwa Aliya Bauer, mama wa Afrika Kusini aliyefika kwao kutafiti nyani. Hao nyani waandike kwa herufi kubwa.

Wateja wakiwa vijana wa bodaboda, tanguliza *Fire in Babylon* ya 2010: West Indies ya kina Viv Richards na Michael Holding, mipira inayotafuta mbavu za Waingereza, na Bunny Wailer ndani yake. Kanuni hawatazielewa, lakini kisasi wanakijua.

3. Mtafsiri. Mkataze kabisa kueleza sheria za mchezo, maana filamu itaisha yeye bado yuko kwenye utangulizi. Aseme hivi tu: mwenye gongo ndiye stelingi, mwenye mpira ni adui, vile vijiti vitatu ni boma la stelingi. Vikidondoka, kwisha habari yake.

4. Mjuaji. Hakosekani mzee wa kusema huo ni mchezo wa Wahindi. Mpe shikamoo yake kwanza. Kisha mweleze kwamba Kenya, hapo ng'ambo ya Sirari, ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, na mwaka 1996 iliwatoa West Indies wote kwa mbio 93 tu. Akiuliza Tanzania je, mjibu kwamba vijana wetu wa kriketi wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia lao la 2026. Akiuliza Taifa Stars watafuzu lini, rudi haraka kwenye filamu.

5. Rimoti. Ifiche. *Warriors* itafika pale Sonyanga ole Ngais na wenzake wa Laikipia wanapowakabili wazee wao, wakiwasihi waache kuwakeketa mabinti. Hapo benchi la nyuma litaanza kukohoa. Mmoja atakumbuka kwamba ameacha ng'ombe nje. Mwingine atapaza sauti: "Peleka mbele, turudi kwenye mchezo!" Ajabu, ndiye aliyekuwa akiuliza goli liko wapi.

Watakwambia pia hayo ni mambo ya Wamasai. Itikia kwa adabu. Usiwakumbushe kwamba likizo za Desemba vituo vya Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti, hupokea wasichana wa mkoa huuhuu wa Mara waliokimbia kisu, ilhali sheria imekataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 tangu 1998. Kazi ya kuwakumbusha waachie wanachuo wa Maendeleo ya Jamii, Buhare. Waingize bure, na wakae karibu na mlango.

6. Tarehe. Onyesha mwezi wa kumi na moja, kabla shule hazijafungwa. Na siku hiyo, ndugu yangu, akina baba usiwatoze kiingilio.