Kadi Yetu Haina Haraka

Jamani, mwacheni mnunuzi wa ofisi yetu hapa Dodoma. Kuuliza pawa saplai ni ya wati ngapi na skrini mbili zina matundu gani ni umbea. Muungwana huchagua kadi ya grafiki kwa uzuri wa boksi, kama mchumba kwa picha. Kadi imekuja na HDMI tupu. Skrini zetu ni VGA, pini 15, mtindo wa 1987. Tena kadi yenyewe ni ndefu: kwenye kasha la kompyuta ni ng'ombe ndani ya bajaji. Skrini ya pili haikai bure, mhasibu anajitazamia humo akichana nywele. Subira hapa Dodoma ni desturi: mji huu uliteuliwa kuwa makao makuu ya nchi 1973, serikali ikahamia kwa kishindo baada ya 2016. Kadi imesubiri wiki tatu tu, mmeshanuna?