Cherehani Isiyoshona

Batani ya Q kwenye laptopu yangu bado mpya kama ilivyotoka kiwandani. X nayo haina shida, hupata kibarua mara moja moja mtu akitaja Excel. A ndiyo niliyoizika. Kwanza maandishi yake yalifutika, kisha pakachimbika kibonde pale ukucha unapotua, mwisho ikakata roho. Anayekula kwa kuandika Kiswahili huitesa A kuliko herufi nyingine yoyote. Andika Tanzania tu, hujasema bado lolote kuhusu nchi yenyewe, tayari umeshaigonga mara tatu. Ukipelekwa mahakamani ndiyo usiseme.

Mpangilio huu wa herufi tumeurithi kwa Christopher Latham Sholes, mtu wa magazeti wa Milwaukee, Marekani, ambaye taipureta yake iliingia sokoni mwaka 1874 ikitengenezwa na kampuni ya Remington. A akaiweka chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole ambacho mimi nilikuwa nakitumia kujikunia sikio. Simlaumu sana. Huko Milwaukee hakuna aliyempa habari za "kadhalika" na "mathalani".

A ilifia siku ya kukabidhi kazi, kama ilivyo desturi ya vifaa. Nikamwandikia mhariri: "Bwn mhriri, kzi yko iko tyri." Akanipigia simu papo hapo kuuliza kama nimekula. Mchana ule nilimalizia makala kwa kunakili A moja kutoka kwenye faili la zamani na kuibandika kila ilipohitajika, na hapo ndipo nilipojua kwamba "akaachana" ni neno la anasa.

Fundi alinieleza kwamba kwenye laptopu ya aina yangu batani zote zimeungana na ubao mmoja, hivyo A ikifa, zinazikwa zote. Mpwa wangu, anayesoma mambo ya kompyuta, akaona fursa ya kunisomesha. "Mjomba, nunua kibodi ya mekanika," akasema. Kibodi za kawaida zina utando wa mpira chini ya batani zote, lakini hizi kila batani ina swichi yake na springi yake. Ikifa A, unazika A. Hoja hiyo ilinigusa mtu niliyekuwa bado kwenye matanga.

Akasisitiza pia nichukue ndogo. Kibodi kamili ina batani 104, na kundi la tarakimu lililo mkono wa kulia huisukuma mausi mbali, mkono ukabaki umenyooshwa siku nzima kama wa mtu anayesimamisha daladala. Bega langu la kulia lilikuwa limeshalalamika kuhusu jambo hilo. Tukaenda Kariakoo.

"Hii ni asilimia sitini, bosi wangu," muuzaji akasema.

"Asilimia sitini ya nini?"

"Ya kibodi."

"Hizo arobaini zimekwenda wapi?"

"Zimefichwa humuhumu ndani."

Nikauliza kama bei nayo ni asilimia sitini. Alicheka vizuri sana, akataja bei ambayo ingenunua kibodi kubwa kadhaa za ofisini na chenji ya nauli ikabaki.

Haya majina ya asilimia yamewaponza wengi, kwa hiyo nitasema yalivyo. Ukiondoa kundi la tarakimu, unabaki na batani 87, na kwa watu wengi hapo ndipo pa kuishia. Ile ya asilimia 75 hubana hizohizo zikagusana, ikabaki na batani 84 hivi. Ya 65 hufuta safu ya F1 mpaka F12 lakini huacha mishale. Ya 60, yenye batani 61, hufuta na mishale. Kila kilichofutwa hupatikana kwa kushikilia batani iitwayo Fn huku ukigonga nyingine, mradi ukumbuke ipi. Zipo hata za asilimia 40, ambazo safu ya namba haipo kabisa, na kwenye baadhi yake ritifaa nayo imehamishiwa kusikojulikana. Hizo wapewe watu wasiofuga. Huwezi kuandika habari za ng'ombe, ng'ambo wala ng'ang'ania kwa kutafuta ritifaa kama funguo gizani.

Wapenzi wa kibodi ndogo wana babu yao wa heshima, Profesa Eiiti Wada wa Japani, ambaye kampuni ya PFU ilitoa Happy Hacking Keyboard mwaka 1996 kutokana na mawazo yake: batani 60, nyepesi, ya mtu kuibeba na kuichomeka kwenye kompyuta yoyote aikutayo. Kompyuta inapita, kibodi ni yako. Wazo zuri. Ila profesa alikuwa anawafikiria waandishi wa programu, na mimi ni mwandishi wa makala ninayerudi nyuma kila sentensi kusahihisha, na kazi hiyo bila mishale ni adhabu.

Mpwa akashinda. Tukachukua ya 60.

Jioni ya kwanza nikiwa katikati ya aya, kidole kiligusa Fn pamoja na W. Kwenye baadhi ya kibodi hizi, ile yangu ikiwemo, mgongano huo hubadilisha W, A, S na D kuwa mishale, kwa faida ya wacheza gemu. Mimi sikuambiwa. Nikaandika "wasiwasi" na kwenye skrini zikatokea i mbili. Nikaandika tena, kishale kikapanda aya ya juu, kikashuka, kikaingia kwenye sentensi ambayo ilikuwa imetulia zake. Yaani nimelipa fedha zote zile kuinunua A, na A imeondoka tena, safari hii na wenzake watatu. Mpwa alicheka kwenye simu mpaka salio lake likakata kabla hajaniambia kwamba dawa ni kugonga Fn na W tena.

Ubishi mkubwa, hata hivyo, ulikuwa wa swichi. Swichi hutambulika kwa rangi, na rangi hizi zilienezwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani, na wengi wameziiga. Ya bluu hulia "tak" kila ikishuka. Ya kahawia ina kinundu ambacho kidole hukisikia lakini sikio halikisikii sana. Nyekundu huteremka moja kwa moja, na ni laini, uzito wa kama gramu 45 tu unatosha kuandika herufi. Muuzaji alinipa bluu nijaribu. Dukani, katikati ya kelele za Kariakoo, ilisikika kama heshima.

Chumbani Sinza, saa sita usiku, ukuta ukiwa ndio huohuo wa mama mwenye nyumba, mambo yalikuwa mengine. Asubuhi alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hongera. Nasikia cherehani usiku kucha, unashona nini?"

Kabla sijajieleza alishanikabidhi suruali ya mjukuu, ipunguzwe mguu. Nikajaribu kumwambia ni kompyuta. "Ndiyo, za siku hizi zote za kompyuta," akasema, akaenda zake.

Kwa bahati kibodi yenyewe ni ya zile ambazo swichi huchomolewa na kuchomekwa bila kuchomelea. Nikaweka nyekundu. Kimya kilirudi, lakini ni laini mno kwa mtu anayefikiri huku vidole vimelala: kila nikitafuta neno, mkono wa kushoto ulikuwa umeshaandika aaaaaaa, na msomaji angedhani nakabwa. Nikaishia kwenye kahawia, ambayo ndiyo ningekushauri uanzie.

Viganja navyo viliniuma mpaka nilipogundua kwamba kibodi hizi ni nene, na vile vimiguu vya nyuma tunavyokimbilia kuvifungua huzidi kuvipinda viganja kwenda juu. Nikavikunja, nikalaza kibodi, mbele yake nikaweka kanga iliyokunjwa. Mke wangu anaidai kanga hiyo mpaka leo. Taa za rangi za kibodi nimezizima. Ya 60 nimempa mpwa, mwenye gemu zake, na mimi natumia ya 65, yenye mishale.

Ile suruali niliipeleka kwa fundi wa pale kituoni, nikalipa, nikairudisha imepigwa pasi. Mama mwenye nyumba aligeuza pindo, akalikagua kwa kidole, akasema sikuwahi kumwambia kama nina mkono mzuri hivyo. Sasa ameleta mapazia.